Vumbi la Kongo kwenye njia ya Ujiji

Kwenye stendi za mabasi kati ya Dodoma na Kigoma hakosekani mtu wa vifurushi. Hana duka wala meza. Ana kibegi begani, sauti ya chini na jicho la kupima abiria. Mama akishuka na mtoto, atamtajia dawa ya tumbo. Mwanaume akishuka peke yake, atamsogelea na kumtajia vumbi la Kongo. Bei hutegemea viatu vya mteja. Vumbi hilo, husemwa, limevuka Ziwa Tanganyika, na mwanaume akilitumia hatashindwa usiku kucha. Mnunuzi haambiwi ni mti gani uliosagwa, atumie kiasi gani, wala nini kingine kimetiwa humo.

Dawa za kulevya zikitajwa huku Tabora, fikra hukimbilia kwa kijana wa kijiweni mwenye msokoto wa bangi. Afya ya uzazi ikitajwa, fikra huenda kliniki ya wajawazito. Mambo hayo tumeyagawia milango miwili, kila mlango na muuguzi wake na daftari lake. Mwili haujui mgawanyo huo. Anayekunywa, anayevuta, anayetafuna na anayejidunga, mara nyingi ana mtu mwingine akilini: apate ujasiri wa kumfuata, achelewe kumaliza akiwa naye, asahau aliyotendewa au aliyotenda. Na karibu vyote anavyonunua kwa shabaha hiyo humrudishia kinyume cha alicholipia.

Biashara yenyewe ni kongwe. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta kituo kikubwa cha Waarabu na Waswahili wenye matembe, bustani na mali ya kusubiri wapagazi. Burton alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, hata yasiyomhusu, na bangi haikumpita. Alieleza kwamba Waarabu waliivuta pamoja na tumbaku, wenyeji wakaivuta tupu, kwenye viko vikubwa vya maji, mpaka kikohozi kikawakaba. Miaka ya 1870 ruga-ruga, askari wa Mtemi Mirambo wa Urambo, walijulikana kwa kuvuta bangi kabla ya kwenda vitani. Na mwaka 1881 Mjerumani Hermann von Wissmann, akitokea pwani ya magharibi, aliwakuta watu wa Kalamba kule Kasai wakijiita wana wa bangi. Wao walikuwa wameifanya mmea wa amani na undugu, wakaachana na silaha na tembo la mitende. Wissmann akaendelea mashariki, akapita Tabora na kufika Bahari ya Hindi mwaka 1882. Kwa hiyo katika njia hii moja, mmea uleule ulimtia askari ukali na ukawapatanisha maadui. Atakayekuambia kilevi fulani humfanya kila mtu awe hivi au vile, mkumbushe hilo.

Bangi ilikwenda bara kutoka pwani, kwa njia za biashara zilizotoka Asia. Vumbi sasa linasemwa linatoka bara kuelekea pwani. Njia ni ileile: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, Ujiji.

Tusiwachafue wapagazi. Wanahistoria wa misafara wameonyesha kwamba Wanyamwezi walibeba mizigo kama kazi ya ujuzi na heshima, na wengi walisafiri na wake zao. Lakini makumi ya maelfu ya watu waliopita kila mwaka, wakitembea karibu miezi mitatu kutoka pwani hadi Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, wakilala kambini, wakilipwa kwa mkupuo, hawakupita bure. Penye wasafiri, pombe na malipo ya mkupuo, kisonono na kaswende havikawii. Penisilini haikupatikana kwa raia mpaka miaka ya 1940. Kabla ya hapo kisonono cha mwanamke kilikaa kimya tumboni, kikaziba mirija ya uzazi na kumwacha bila mtoto, na lawama zikaenda kwa wachawi au kwake mwenyewe. Tangu enzi ya Wajerumani watawala na wamisionari waliandika kuhusu uchache wa watoto Unyamwezi, na ugumba wa ukanda huu ulishughulisha wataalamu wa takwimu za watu kwa miongo mingi. Sababu hazikuwa moja, maana wanaume kukaa safarini mwaka mzima nako kunapunguza watoto. Ila magonjwa ya ngono yalikuwa na mkono wake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mpagazi akawa kuli wa stesheni. Siku hizi malori ya Rwanda na Burundi yanapita Igunga na Nzega kuelekea Isaka na Kahama, na mafundi wa reli mpya ya mwendokasi wana kambi zao. Mkao wa mambo haujabadilika sana: watu mbali na kwao, uchovu, fedha inayokuja kwa pamoja, na mtu wa kibegi.

Kilevi kilicho karibu zaidi na mtu wa Tabora hakiuzwi kwa siri. Kinalimwa kwa mkopo wa pembejeo, kinakaushwa kwenye mabani na kupelekwa sokoni kwa mizani ya chama cha ushirika. Urambo, Kaliua na Sikonge zimesomesha watoto kwa tumbaku, zimeezeka bati kwa tumbaku, zimelipa mahari kwa tumbaku. Sitajifanya siijui heshima hiyo. Lakini nikotini hukaza mishipa midogo ya damu, na moshi wa sigara huharibu utando wa ndani wa mishipa, na uume husimama kwa damu tu. Mishipa yake ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana mara nyingi huwa ya kwanza kushindwa. Mvutaji wa miaka ishirini anayelalamika kwamba mambo hayaendi anaweza kuwa anapewa onyo la moyo wake miaka kadhaa kabla maumivu ya kifua hayajafika. Mkulima asiyevuta hajaepuka kabisa: anayevuna majani mabichi yenye umande hufyonza nikotini kupitia ngozi, akapata kizunguzungu na kutapika bila kuwasha hata sigara moja.

Kwa wanawake tumbaku ina mlango mwingine, ambao hauzungumzwi kwa sauti. Senegal na Gambia watafiti wameandika kuhusu wanawake wanaoweka unga wa tumbaku ukeni, wengine wakitafuta msisimko, wengine wakitafuta kutuliza hamu mume akiwa safarini, wengine wakiamini ni dawa ya uchafu. Nikotini hupita kwenye utando wa uke upesi na kuingia kwenye damu. Utando huo huwashwa na kuchubuka, na penye mchubuko virusi havihitaji kubisha hodi. Katika mkoa ambao ugoro hununuliwa sokoni kama chumvi, ingefaa muuguzi wa kike amuulize mwanamke mwenye muwasho usiokwisha, faraghani, kama anatumia ugoro na anautumiaje.

Tumbaku pia inaleta msimu. Miezi ya masoko, fedha ya mwaka mzima huingia kwa wiki chache, na huingia mfukoni mwa baba. Nyumba za wageni hujaa. Wake wa wakulima wanajua ratiba hiyo kuliko maofisa wa ushirika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 43 ya wasichana wa Tabora wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Katavi pekee, jirani yetu, ilikuwa juu yake, kwa asilimia 45, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 27. Itakuwa uvivu kuutupia ulevi mzigo wote huo. Kuna ndoa za mapema, umbali wa shule, umaskini. Lakini ukiuliza ni jioni gani na ni fedha ya nani, msimu wa masoko utajitokeza.

Na ukiuliza walikuwa wamekunywa nini, huku kwetu jibu lina asali ndani yake. Wanzuki ni pombe ya heshima. Misitu ya miombo imeipa Tabora asali inayojulikana nchi nzima, na asali hiyo ikichachushwa hunywewa harusini, kwenye ngoma na baada ya kazi ya kusaidiana shambani. Kibuyu cha wanzuki kinachozunguka kwa wazee wanaokaa na kuzungumza si sawa na chupa ndogo ya visungura inayomalizwa kwa mikupuo miwili nyuma ya baa. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba, vile vifuko vya plastiki, Machi 1, 2017. Chupa ndogo zikachukua nafasi yake. Gongo nalo lipo, pamoja na kupigwa marufuku, na anayelipika hapimi ukali wake.

Pombe ina hila yake. Glasi za mwanzo hulegeza breki za ubongo: aibu inapungua, ulimi unafunguka, yule wa meza ya pili anaanza kupendeza. Glasi zinazofuata hulegeza mengine. Hisia hupungua, mwanaume husimama nusu au hasimami, mwanamke hukauka au hahisi raha yoyote. Miaka ikipita, ini lililochoka na korodani zilizodhoofika hupunguza homoni ya kiume, na mlevi wa kila siku hupoteza hamu yenyewe. Wanaume wachache hukubali hesabu hii. Wanachokumbuka ni ujasiri wa saa mbili usiku, na saa sita wanaifuta.

Ila tukiishia kwenye kusimama na kutosimama, tutakuwa tumefanya suala hili kuwa la wanaume peke yao, kama vijiwe vinavyolifanya. Madhara makubwa ya pombe katika mapenzi yako kwenye uamuzi. Kondomu iliyo mfukoni haitoki. Mtu anakwenda na asiyemjua, au na anayemjua na alikuwa amekwisha mkataa. Na hapa sheria ya nchi inasema jambo ambalo vijiweni halisikiki. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinahesabu kuwa ni ubakaji mwanaume kumwingilia mwanamke ambaye ridhaa yake ilipatikana akiwa amelewa kwa kitu alichopewa na mwanaume huyo au na mtu mwingine, isipokuwa ithibitike kwamba walikuwa wamekubaliana kabla. Kifungo kwa kosa la ubakaji huanzia miaka 30. Kwa msichana aliye chini ya miaka 18 ridhaa haiulizwi kabisa. (Sheria ina mwanya wake kuhusu ndoa, na hiyo ni makala nyingine.) Kumnunulia mtu bia sita kwa matarajio, mchezo ambao wengi wanauona wa kawaida, kunaweza kumfikisha mnunuzi mbele ya hakimu.

Aliyetendewa hivyo, awe mwanamke au mwanaume, ana saa 72 za kufika kituo cha afya na kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina nafasi mpaka siku ya tano. Kwamba alikuwa amelewa si sababu ya kufukuzwa wala kuhubiriwa.

Kuhusu bangi sina mengi, kwa sababu sayansi yenyewe inavutana. Watafiti wa Denmark walichunguza vijana wa kiume 1,215, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba waliovuta zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na mbegu pungufu kwa asilimia 28. Miaka miwili baadaye wenzao wa Stanford, Marekani, wakipitia majibu ya watu wazima zaidi ya 50,000, walikuta wavutaji wakisema wanafanya mapenzi mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta, kwa karibu asilimia 20. Kijiwe kitaushika utafiti wa pili na kuutupa wa kwanza. Hakuna mgongano hapo: anayekutana mara nyingi na anayetungisha mimba ni hesabu mbili, na huenda watu wanaopenda starehe moja wanapenda na nyingine. Mirungi, iliyo haramu Tanzania ingawa ni zao halali kwa jirani zetu wa Meru nchini Kenya, huleta kitu cha ajabu kidogo. Mtafunaji huchangamka na kutamani, huku manii yakimtoka bila uume kusimama. Kisha usiku hutafuta bia ya kumshusha apate usingizi, na mengi mabaya hutokea kwenye hiyo bia.

Unga ni habari nyingine. Heroini ilianza kuzoeleka Dar es Salaam na Zanzibar miaka ya themanini na tisini. Ilipoingia heroini nyeupe inayoyeyuka kirahisi, vijana wakahama kutoka kuvuta kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, wakaanza kujidunga. Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliandika katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, jambo walilolikuta Dar es Salaam ambalo bado ni gumu kulisoma. Wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono walisaidiana arosto, yaani mateso ya kukosa unga, zikiwabana. Aliyepata unga alijidunga, akavuta damu yake irudi ndani ya bomba la sindano, akampa mwenzake asiye na fedha ajidunge damu hiyo, wakiamini ina masalia ya unga. Ulikuwa wema. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kumpa mtu VVU na homa ya ini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya wanne kati ya kila kumi ya wanaojidunga waliopimwa Dar es Salaam wana VVU, wakati kiwango cha watu wazima nchini kilikuwa karibu asilimia 6, na wanawake walikuwa wameathirika zaidi ya wanaume.

Sababu ya tofauti hiyo haiko kwenye sindano peke yake. Teja wa kiume huiba, huosha magari, hubeba mizigo. Teja wa kike, mlango anaofunguliwa upesi ni mwili wake, na mteja anayejua kwamba ana arosto anajua pia kwamba hawezi kugombania kondomu. Mara nyingi fedha hizo humlisha unga na mwanaume anayeishi naye.

Na mwili wenyewe unadanganya. Heroini hushusha homoni kwa wote wawili. Mwanaume huchelewa kumaliza, na wapo wanaoianza kwa sababu hiyo hiyo, kisha hamu huondoka kabisa. Mwanamke hukosa hedhi miezi mingi na kuamini kwamba hawezi kushika mimba. Yai linaweza kupevuka bila hedhi kutangulia, naye hugundua mimba ikiwa ya miezi mitano. Akianza methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na mwili ukatulia, hedhi hurudi na uwezo wa kuzaa unarudi nayo, wakati yeye bado anaishi kwa mazoea ya zamani. Kliniki ya methadone isiyozungumza uzazi wa mpango siku ya kwanza imeacha kazi nusu.

Muhimbili ilianza kutoa methadone Februari 2011. Jessie Mbwambo, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na wenzake walikwenda hatua mbele wakaweka dawa za VVU kwenye kliniki hiyohiyo, mgonjwa anywe vyote dirisha moja, kwa kuwa aliyetumwa jengo jingine mara nyingi hafiki. Wanawake walibaki wachache mno kwenye foleni ya dirisha hilo. Baadaye huduma ilikwenda mikoani, na kwa msafiri wa njia hii iko Itega mjini Dodoma na Sekou-Toure mjini Mwanza. Unga nao haukai pwani. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Hiyo methamfetamini tuiangalie. Kwenye miji kama London imezaa mikusanyiko ya ngono ya siku nzima na usiku wake, watu wakiwa hawahisi njaa, usingizi wala maumivu. Utando hukauka na kuchanika, kondomu hupasuka, na anayetumia vidonge vya VVU husahau dozi. Utafiti wa mwaka 2014 katika mitaa ya kusini mwa London ulisikiliza wanaume waliokuwa wakifanya hivyo. Ujinga haukuwa tatizo lao.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa Tabora ni kundi ambalo hakuna anayeliita dawa za kulevya. Tramadol ni kidonge cha maumivu cha jamii moja na afyuni. Kinachelewesha kumaliza, na habari hiyo imesambaa Afrika Magharibi yote mpaka kwa madereva wetu. Kinazoeleka, na dozi ikipanda huleta degedege. Pamoja na pombe huweza kumlaza mtu asiamke. Dereva aliyekimeza Igunga kwa ajili ya usiku wake wa Kahama anaendesha akiwa amekilewa.

Halafu kuna vidonge vya nguvu za kiume. Sildenafil, inayojulikana kwa jina la Viagra, iliidhinishwa Marekani Machi 1998. Ni dawa halali na nzuri kwa aliyeandikiwa na daktari. Hulegeza mishipa damu iingie, lakini hamu haileti. Vijana wa miaka 22 wasio na tatizo lolote wanaimeza ili wasiaibike, kisha wanashindwa kujiamini bila hiyo. Maabara za nchi nyingi zimekuta unga na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba vimetiwa sildenafil au jamaa zake kimyakimya, kwa kiasi kisichojulikana. Kwa hiyo dawa ya porini inayofanya kazi ndani ya nusu saa inastahili kutiliwa shaka zaidi, hata kama mteja ameridhika.

Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya naitreti, vile vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, akilamba unga wa namna hiyo shinikizo lake la damu laweza kuporomoka hadi kifo. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir, kama walio kwenye mstari wa pili wa tiba, mwili wake hauwezi kuiondoa sildenafil kwa kasi ya kawaida, na kidonge kimoja kinakuwa kama vingi. Na uume uliosimama zaidi ya saa nne si ushujaa wa kusimulia. Ni dharura ya kwenda hospitali ya Kitete usiku huohuo, kwani damu iliyotuama huua tishu na mwanaume huenda asisimame tena maisha yake yote. Wanaochelewa huchelewa kwa aibu. Mhudumu akiuliza, aambiwe kilichotumiwa bila kuficha, hata kama ni unga wa mtu wa kibegi na hata kama mke amesimama hapo pembeni.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inaweza kukamata vifurushi. Haiwezi kukamata sababu inayomfanya mwanaume wa miaka 48 ashushe sauti mbele ya mchuuzi badala ya kuingia kliniki. Upungufu wa nguvu za kiume kwa umri huo mara nyingi hutokana na kisukari, shinikizo la juu la damu, tumbaku, pombe, msongo au dawa nyingine anazotumia. Hakuna vumbi linaloshusha sukari, na miezi anayoipoteza kwa kubahatisha, ugonjwa unaendelea na figo na macho.

Mwanaume huyo ni mgumu kumpata kliniki, kwa sababu kliniki zetu zimepangwa kwa ajili ya mama na mtoto na yeye hujiona mgeni pale. Siku ya soko la tumbaku, hata hivyo, anapatikana. Anakaa kwenye ghala la chama cha msingi asubuhi mpaka jioni akisubiri marobota yake yapimwe na kupangiwa madaraja, hana pa kwenda, na fedha bado hajaipata. Muuguzi mmoja akiwekewa meza na turubai la faragha kando ya ghala, anaweza kumpima shinikizo, sukari na VVU, akampa kondomu, na kumuuliza maswali mawili ambayo hajawahi kuulizwa kwa pamoja: unatumia nini, na nyumbani mambo yanakwendaje. Kipimo cha sukari kinataka tone moja la damu kidoleni. Majibu yake hutoka kabla robota linalofuata halijapandishwa kwenye mizani.